Tepu ya Fundi Cherehani na Afya ya Moyo Wako



Kabla hujaendelea kusoma ukurasa huu, tunakuomba uwe na kitu kimoja karibu nawe: tepu ya fundi cherehani. Kama huna, na jirani hana, kipande cha kamba nyembamba kitafaa pia, ilimradi kiwe kirefu kupita kimo chako. Tutakitumia mbele kidogo.

Wengi wetu tumepimwa na mafundi tangu tulipokuwa wasichana. Kifua, kiuno, nyonga, urefu wa gauni. Fundi huandika namba zake kwenye daftari, nguo hushonwa, na habari huishia hapo. Lakini kwa zaidi ya miaka 40 sasa, madaktari wamekuwa wakizitazama namba mbili kati ya hizo, yaani kiuno na nyonga, kwa sababu nyingine kabisa. Wameona kwamba zinaweza kuonyesha mapema ni nani aliye katika hatari zaidi ya kupatwa na ugonjwa wa moyo.

Pengine utasema kwamba ugonjwa wa moyo ni wa wanaume, tena wanaume wakubwa wenye vitambi na magari. Sivyo. Duniani kote, magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoua wanawake wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote. Karibu mwanamke mmoja katika kila watatu wanaofariki huchukuliwa na magonjwa hayo. Na sisi huku hatumo nje ya jambo hili. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake 33 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi. Miaka michache tu kabla ya hapo, 2008 na 2009, walikuwa 25. Tanzania nayo, katika uchunguzi wa 2015 na 2016, walikuwa 28 katika kila 100.

Tulivyozoea kuutazama mwili

Tuseme ukweli. Kwetu unene haujawa jambo la kuogopa. Mke akinenepa, watu husema ametunzwa vizuri. Mume akiota kitambi, wenzake husema mambo yake yamenyooka. Tena, tangu ugonjwa wa ukimwi ulipoingia, wengi wetu tulianza kuogopa kukonda kuliko kunenepa, maana mtu akipungua kidogo tu majirani huanza kunong'onezana. Mama anayejaribu kupunguza uzito huulizwa, "Unaumwa nini?"

Hatuandiki hapa ili mtu auone mwili wake kuwa ni aibu. Mwili uliobeba mimba tano, ukanyonyesha, ukabeba maji na kuni, unastahili heshima. Wala hatusemi kila mama avae nguo za msichana wa miaka 18. Tunachosema ni kwamba moyo haujali majirani wanasema nini. Moyo hufanya kazi kwa kadiri ya mzigo uliobebeshwa, na sehemu ya mzigo huo inaweza kupimwa nyumbani kwa dakika mbili.

Mizani peke yake haitoshi

Kipimo kinachojulikana zaidi hospitalini ni kile cha kulinganisha uzito na kimo. Msingi wake uliwekwa na mtaalamu wa hesabu wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, katika miaka ya 1830. Unachukua uzito wako kwa kilo, unaugawanya kwa kimo chako kwa mita, kisha jibu unaligawanya tena kwa kimo kilekile. Jibu likiwa kati ya 18.5 na chini kidogo ya 25, uzito wako ni wa kawaida. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene wa kupindukia.

Kipimo hiki kina manufaa, lakini kina upungufu wake. Hakikuambii mafuta yako yamekaa wapi. Hebu tuwachukue akina mama wawili. Wote wana kimo cha sentimita 160 na uzito wa kilo 72. Kwa hesabu ya Quetelet wote hupata 28, yaani uzito umezidi kwa kiasi kilekile. Lakini wa kwanza ana kiuno cha sentimita 78 na nyonga za sentimita 106. Wa pili ana kiuno cha sentimita 94 na nyonga za sentimita 102. Mizani inasema hao ni sawa. Fundi cherehani anajua si sawa, maana hawezi kuwakatia gauni moja. Na moyo nao unajua.

Daktari mmoja wa Marseille, Ufaransa, aitwaye Jean Vague, aliliona jambo hili mapema, mwaka 1947. Alieleza kwamba watu wanene wako wa namna mbili: wale ambao mafuta hukusanyika juu na tumboni, na wale ambao mafuta hukaa kwenye nyonga na mapaja. Magonjwa kama kisukari, alisema, huwaandama zaidi wale wa kwanza. Wengi hawakumsikiliza kwa miaka mingi.

Kisha mwaka 1984 zikaja habari kutoka mji wa Göteborg, Sweden. Watafiti walikuwa wamewapima wanawake 1,462 wa miaka 38 hadi 60, wakawafuatilia kwa miaka 12. Wanawake waliokuwa na kiuno kikubwa kikilinganishwa na nyonga zao walipatwa na mshtuko wa moyo mara nyingi kuliko wengine, hata baada ya watafiti kuzingatia uzito, uvutaji wa sigara, shinikizo la damu na mafuta yaliyomo kwenye damu.

Mwaka 2005 utafiti mkubwa zaidi ulitangazwa. Ulihusisha watu wapatao 27,000 katika nchi 52, zikiwamo za Afrika. Jibu lilikuwa lilelile: kulinganisha kiuno na nyonga kulionyesha hatari ya mshtuko wa moyo vizuri zaidi kuliko kulinganisha uzito na kimo. Na mwaka 2018 watafiti waliochunguza habari za watu karibu 480,000 wa Uingereza waliona kwamba uhusiano huo una nguvu zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume. Kwa hiyo, akina mama wenzetu, tepu hii inatuhusu sisi hasa.

Kwa nini mafuta ya tumboni?

Mafuta ya mwilini si ya namna moja. Yale unayoweza kuyashika kwa vidole, chini ya ngozi ya mapaja na nyonga, ni kama ghala. Hukaa kimya yakisubiri siku ya njaa au siku ya kunyonyesha. Hayaleti ghasia nyingi.

Yale yaliyo ndani ya tumbo, yaliyozunguka utumbo na kulijaza ini, hayakai kimya. Humwaga mafuta kwenye damu inayokwenda moja kwa moja katika ini. Ini likishalemewa hutoa mafuta mabaya zaidi kwenye damu, na mwili huacha kuitii vizuri insulini, ile homoni inayosimamia sukari. Sukari hupanda. Shinikizo la damu nalo hupanda. Kuta za mishipa ya damu huanza kujeruhika polepole na mafuta huganda juu yake, mpaka njia ya damu inakuwa nyembamba. Siku damu ikiganda mahali pembamba, sehemu ya moyo hukosa damu na kuanza kufa. Ikiwa ni mshipa wa kichwani, mtu hupatwa na kiharusi. Yote hayo huchukua miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote mama huenda sokoni na shambani kama kawaida.

Jambo lingine la kufahamu ni hili. Wakati bado tunapata siku zetu, homoni za kike huyaelekeza mafuta kwenye nyonga na mapaja. Siku zikikoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, mafuta huanza kuhamia tumboni. Ndiyo maana mama anaweza kusema, "Uzito wangu haujabadilika, lakini sketi hainiingii tena." Hajakosea. Mafuta yamehama.

Namna ya kupima

Sasa chukua tepu yako. Kama una mimba, au umejifungua katika miezi michache iliyopita, kipimo hiki kiache kwanza. Hakitakupa jibu la kweli.

Pima asubuhi kabla ya kula. Vua nguo nzito na ufungue kanga. Simama wima, miguu ikiwa karibu karibu. Tafuta kwa vidole mwisho wa mbavu ubavuni, kisha tafuta juu ya mfupa wa nyonga. Kiuno cha kupima ni katikati ya sehemu hizo mbili. Wengi hukosea hapa. Hupima pale wanapofungia kanga au sketi, nayo mara nyingi huwa chini ya tumbo. Mama anaweza kuvaa sketi ya namba ileile kwa miaka 10 huku tumbo likiongezeka juu ya mkanda.

Zungusha tepu sawasawa, isipande mgongoni wala kushuka. Iguse ngozi bila kubana. Pumua kawaida, toa pumzi, kisha soma. Usivute tumbo ndani, hakuna anayekutazama. Rudia mara ya pili upate uhakika. Halafu pima nyonga mahali palipo papana zaidi, juu ya makalio. Andika namba zote mbili.

Namba zina maana gani?

Shirika la Afya Duniani limeeleza hivi. Kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 80 hatari imeanza kuongezeka. Kikizidi 88, hatari imeongezeka sana. Kwa mwanamume ni sentimita 94 na 102.

Ukigawanya kiuno kwa nyonga, mwanamke akipata 0.85 au zaidi, na mwanamume 0.90 au zaidi, hatari imeongezeka sana. Tuwarudie akina mama wetu wawili. Wa kwanza: 78 kugawanya kwa 106 ni karibu 0.74. Yuko salama kwa kipimo hiki, ingawa mizani ilimwonya. Wa pili: 94 kugawanya kwa 102 ni 0.92. Amevuka mpaka, na afadhali ajue leo.

Tuongeze kwamba mipaka hiyo ilitokana zaidi na watu wa Ulaya. Utafiti wa mwaka 2017, uliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 24,000 wa Afrika kusini mwa Sahara, ulionyesha kwamba kwetu hatari huanza karibu sentimita 81 kwa wanawake na kwa wanaume pia. Kwa akina mama hakuna tofauti kubwa. Lakini baba mwenye kiuno cha 90 anayejiona salama kwa sababu hajafika 94, asijipe moyo sana.

Sasa ile kamba. Kipimo hiki hakihitaji hata kujua kusoma namba. Simama na kamba kuanzia unyayoni hadi utosini, mtu akusaidie, na mkate hapo. Ikunje katikati iwe nusu. Kisha ijaribu kiunoni, pale tulipokuonyesha. Ncha zikikutana bila kubana, kiuno chako hakijazidi nusu ya kimo chako, na hilo ni jambo jema. Zisipokutana, umeonywa. Mwaka 2022 taasisi inayowaongoza madaktari wa Uingereza iliwashauri watu wazima waweke kiuno chini ya nusu ya kimo chao, na kipimo hicho hutumika hata kwa watoto kuanzia miaka 5. Mama wa sentimita 160 basi asipite 80.

Tepu haimalizi kazi

Tusije tukaifanya tepu kuwa mganga. Mama mwembamba anaweza kuwa na shinikizo la damu asijue. Mama mwenye kiuno kipana anaweza kufika miaka 85. Tepu huonyesha hatari, haitabiri siku. Mwaka 2011 watafiti waliokusanya habari za watu zaidi ya 220,000 walionyesha kwamba daktari akishajua shinikizo lako la damu, kisukari chako na mafuta ya kwenye damu yako, kipimo cha kiuno hakimwongezei mengi ya kumsaidia kukadiria hatari.

Kwa nini basi tunajisumbua? Kwa sababu wengi wetu hatujapimwa mambo hayo hata kidogo. Fikiri jinsi tunavyoishi. Tukiwa na mimba tunakwenda kliniki, tunapimwa uzito na shinikizo, kila kitu kinaandikwa kwenye kadi. Mtoto wa mwisho akishazaliwa, kadi huwekwa chini ya godoro, na baada ya hapo tunakwenda hospitali kwa ajili ya mtoto, mume na mama mkwe. Inaweza kupita miaka 15 bila mtu kutufunga mkanda wa shinikizo mkononi. Kiuno kikizidi, hiyo ni sababu ya kwenda kituo cha afya na kusema, "Naomba mnipime shinikizo la damu na sukari."

Na kuna mama ambaye inampasa aende hata kama tepu imemsifu: yule aliyewahi kupanda shinikizo la damu wakati wa ujauzito, au kupata kifafa cha mimba, au kisukari cha mimba. Wengi huambiwa kwamba mambo hayo huisha mtoto akizaliwa. Mimba huisha, lakini mama huyo hubaki na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo miaka ya baadaye. Mweleze mganga historia hiyo hata kama hakukuuliza.

Tena, ujue dalili. Kifua kubana au kuuma, maumivu kwenda begani, mkononi, mgongoni au kwenye taya, kuishiwa pumzi, jasho la baridi, kichefuchefu, uchovu usio na sababu. Wanawake wengi hudhani ni vidonda vya tumbo au gesi, wakanywa maji ya tangawizi na kulala. Usilale. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama chakula hakijaiva.

Tufanye nini?

Kwanza, tusidanganyike. Mikanda ya kubana tumbo, chai za kuyeyusha mafuta na vidonge vinavyouzwa stendi haviondoi mafuta yaliyozunguka ini. Wala kulala chali na kuinuka mara mia hakuchagui mafuta ya tumboni. Tumbo hupungua mwili wote ukipungua. Habari njema ni kwamba huhitaji kupungua sana. Mama wa kilo 80 akipunguza kilo 4 hadi 8, shinikizo na sukari huanza kushuka.

Anza na chupa ya mafuta ya kupikia. Wengi humimina kwa jicho. Pima kwa kijiko, punguza kijiko kimoja kila wiki mpaka familia izoee. Kisha tazama vinywaji. Soda moja ya mililita 300 huwa na sukari ya karibu vijiko 8 vya chai. Ukijumlisha vikombe vitatu vya chai yenye vijiko vitatu kila kimoja, umekula vijiko 17 kabla ya jua kutua. Kwenye sahani, mboga za majani zichukue nusu, maharage au samaki robo, na ugali au wali robo iliyobaki. Mandazi na chapati viwe vya siku moja moja. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye vikolezo vya pakiti.

Pili, tutembee. Dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5, kwa mwendo wa kuhema kidogo. Mama anayelima tangu alfajiri anafanya zaidi ya hapo. Lakini mama anayekaa dukani au kwenye cherehani mchana kutwa, akapanda bodaboda kwenda na kurudi, hana budi kuutafuta muda huo. Shukeni vituo viwili kabla. Tembeeni wawili wawili mkirudi kutoka kwenye mkutano wa akina mama. Mazungumzo hufupisha njia.

Na baba naye? Mpime pia. Usimpime mbele ya wageni, na usianze kwa kumcheka. Mwambie unataka kumshonea suruali, ukipenda, halafu mweleze namba. Nyumba inayopika mafuta kidogo kwa ajili ya mama mmoja hulinda mioyo yote inayokula chungu hicho.

Andika leo kiuno, nyonga na tarehe nyuma ya ile kadi yako ya zamani ya kliniki. Pima tena baada ya miezi mitatu, asubuhi, mahali palepale. Hata sentimita mbili zikipungua, ujue zimetoka mahali panapostahili. Na kabla mwezi huu haujaisha, chagua siku moja ambayo utakwenda kupimwa shinikizo la damu. Ukienda, mchukue na mama jirani.